Neno «mwangwi» halitoshi

Tunapoandika kwa Kiswahili juu ya sauti chini ya maji, twaridhika mno na neno moja: mwangwi. Neno hilo lafaa pale sauti inapogonga mwamba na kurudi ikisikika peke yake. Katika bahari ya kina kifupi mambo ni mengine. Sauti, iendayo mita 1500 hivi kwa sekunde, hubanwa baina ya uso wa maji na sakafu, ikidunda juu na chini. Matope huimeza, mwamba huirudisha. Msomaji wa Katanga na aufikirie mlipuko katika njia za chini za mgodi wa Kipushi.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Mwaka 2015 watafiti waliokokota vinasa sauti majini katika pwani ya Tanzania walitambua milipuko 318 ya uvuvi wa baruti. Asiyetenga mlipuko na midundo yake atahesabu vibaya, na matumbawe yatakosa shahidi. Napendekeza «mwakiso» kwa kila mdundo, «mvumo» kwa mkusanyiko wake. «Mwangwi» ubaki mahali pake. Wenzetu wa pwani watusahihishe.