Pesa chafu, na barua tuliyoiandika wenyewe



Leo napima kazi ya pasta mmoja wa Marekani, Washington Gladden (1836–1918). Ninamheshimu sana, lakini sitamsifu bure.

Gladden alikuwa pasta wa Kikongregasionali, ndiyo kusema kanisa lenye halina askofu: waumini wa kila mahali wanajitawala na kumlipa pasta wao. Tangu 1882 aliongoza kanisa la Columbus, Ohio. Jina lake lilitangaa sana 1905, wakati Bodi ya misioni ya makanisa yao, kule Boston, ilipokea dola 100.000 za John D. Rockefeller, mwenye Standard Oil. Kampuni ile ilijulikana kwa kupata punguzo za siri za nauli ya reli na kuangusha washindani wake. Gladden akapaza sauti: pesa hii ni chafu, irudishwe. Mwenye kuipokea anajifanya mshiriki wa yule mtoaji, na kesho hatakuwa na kinywa cha kumkemea.

Wapinzani wake walijibu kwamba misioni ina mahitaji, na si kazi ya Bodi kuchunguza mfuko wa kila mtoaji. Pesa haikurudi.

Bon, hapa ndipo ninaanza kumuuliza. Ile dola 100.000 haikupita mkononi mwake. Kukataa pesa yenye inaingia kwa sanduku ya mwingine ni rahisi kidogo. Mimi naona ukubwa wake pengine. Miaka thelathini mbele ya hapo, alikuwa mwandishi kwa gazeti la Independent kule New York. Gazeti lilichapa matangazo ya kulipiwa yenye kuonekana kama habari za wahariri. Akaona ni kudanganya msomaji, akaacha kazi. Tena 1884, wachimbaji wa makaa wa bonde la Hocking waligoma, na wakubwa wa kampuni walikuwa waumini wake, wenye kuketi mbele yake siku ya Mungu. Hata hivyo alitetea haki ya wachimbaji kuungana. Munaona tofauti? Pale, kama kuna bei, angeilipa yeye mwenyewe.

Lakini wachimbaji wale wananiletea ulizo lingine. Kanisa lake lilisimama kwa sadaka za waumini, na wakubwa wa makaa walikuwa kati yao. Kama pesa ya petroli ni chafu, ya makaa ni safi namna gani? Nafikiri jibu lake bora ni maisha yake kuliko mahubiri yake: aliendelea kusema mbele yao. Kipimo si mfuko wa mtoaji tu, ni kinywa cha mpokeaji.

Kisha kukatokea jambo lenye lilimpa haya. Alifikiri zawadi ilikuja yenyewe. Kumbe maafisa wa Bodi ndio walikuwa wameiomba! Tangu hapo alishindania neno dogo zaidi: basi, tusiende kuomba kwa watu wa namna ile. Wengine wanaona alirudi nyuma. Mimi naona ndipo alifika kwa shina la shida. Zawadi yenye umeiomba kwa magoti haikuachi ukisimama.

Ninajua, juu nilikuwa katibu wa kamati ya shule moja ya mtaa. Tulikosa mabati. Nikaandika, kwa mkono wangu, barua ya kuomba kwa mfanyabiashara mwenye wote tulijua alikuwa ananyanganya watu mashamba ya kando ya mto. Mabati yalikuja. Mwaka uliofuata, mama wenye kupoteza mashamba walikuja tutie sahihi kwa malalamiko yao. Hakuna mtu alitukataza. Tuliangalia juu, kwa mabati, halafu tukasema kamati haiingie mambo ya siasa. Mama mmoja alikunja karatasi yake pole pole, akatuaga kwa heshima.

Watoto wanasoma bila kunyeshewa, siwezi kusema ni bure. Ila kama ningepata nafasi ingine, ningeuliza kamati ulizo moja mbele ya kushika kalamu: siku huyu mtu akikosea jirani yetu, nani kati yetu atasema? Kama hakuna mwenye anainua mkono, barua isiandikwe.