Paul Scarron na Kicheko cha Mgonjwa

Watungaji wa Kifaransa wa karne ya 17 wanaofundishwa shuleni ni wale wakubwa: Corneille, Molière na Racine. Nyuma yao wako wadogo, ambao majina yao yamo katika vitabu vya historia, bali kazi zao hazifunguliwi mara nyingi. Mmoja wao ni Paul Scarron, mtungaji wa michezo ya kuigiza na wa hadithi ndefu. Napenda kupima jambo moja tu katika kazi zake, nalo ni kicheko: chatoka wapi, chamwelekea nani, na chamwachia msomaji nini. Maana mtu huyu alicheka miaka zaidi ya ishirini, hali mwili wake umepinda asiweze kusimama. Wengi wamekisifu kicheko hicho chote kuwa ni ushujaa. Mimi naona kilikuwa cha namna mbili, na thamani zake hazilingani.

Scarron alizaliwa Paris mwaka 1610, mwana wa mshauri wa Parlement, yaani baraza kuu la hukumu. Mama yake alifariki angali mtoto, baba akaoa tena, na ugomvi wa urithi na mama wa kambo ukamfuata hata utu uzima. Alivaa mavazi ya kikasisi pasipo kupewa upadri, akaenda Le Mans kumtumikia askofu, na mwaka 1636 akawa kanoni wa kanisa kuu la huko, cheo chenye posho yake. Alikuwa kijana apendaye ngoma na mazungumzo. Mwaka 1638 akashikwa na ugonjwa uliomharibu viungo. Miguu ikakunjamana, shingo ikainama, hata mwenyewe akasema umbo lake linafanana na herufi Z. Alibakiwa na mikono na ulimi.

Husimuliwa kwamba siku za karnivali alijipaka asali na manyoya, akafukuzwa na watu, akajificha katika maji ya baridi, ndipo alipougua. Hadithi hiyo ilienea baada ya kufa kwake. Ilivyo nzuri kwa kusimulia, ndivyo isivyofaa kutegemewa. Tulilo na hakika nalo latosha: alirudi Paris, akaishi kwa kalamu yake. Malkia Anne wa Austria alimpa posho, naye akajiita mgonjwa wa Malkia. Kisha wakati wa vita vya Fronde yalitoka mashairi makali ya kumtukana Kardinali Mazarin, nayo yakahesabiwa kuwa yake, na posho ikakatwa.

Sasa tutazame kicheko cha kwanza. Tangu mwaka 1648 alitoa *Le Virgile travesti*, ambamo utenzi mkuu wa Virgil wa Kilatini umesimuliwa upya kwa mistari mifupi na kwa lugha ya sokoni. Miungu husema kama wachuuzi, na mashujaa hujali matumbo yao. Mwalimu aliyepata kufasiri atatambua mara moja siri ya kazi hii: maneno yana vyeo. Habari yaweza kuwa ile ile, lakini ukiivua vazi lake na kulivika vazi la jikoni, cheo chake chageuka na maana yake yageuka pamoja nacho. Hili ni somo zuri la lugha. Lakini kama kazi ya kusoma, lachosha. Ukurasa wa kwanza wachekesha. Wa ishirini wasema neno lile lile. Kicheko cha kushusha chini hakina chakula chake chenyewe, hula cha yule anayemshusha. Boileau alikilaumu kwa ukali mwaka 1674. Lakini Scarron mwenyewe alikwisha kuchoka mbele yake, akaiacha kazi katika kitabu cha nane bila kuimaliza.

Michezo yake haikwenda mbali na njia hiyo. *Jodelet, ou le Maître valet*, iliyopigwa chapa mwaka 1645, imetokana na mchezo wa Mhispania Rojas Zorrilla: bwana na mtumishi wabadilishana nafasi, na mtumishi mwoga na mlafi ajikuta katika mavazi ya heshima. Watu waliipenda mno, na sehemu kubwa ya sifa ni ya mchezaji aliyeitwa Jodelet, ambaye mchezo ulitungwa kwa ajili yake.

Kicheko cha pili kimo katika *Le Roman comique*, hadithi ndefu iliyotoka sehemu ya kwanza mwaka 1651 na ya pili mwaka 1657, nayo pia haikumalizika. Yaanza kwa maneno makubwa juu ya jua na farasi wake, kisha mtungaji ajikata mwenyewe na kutaja saa kama watu wote wanavyoitaja. Ndipo gari la wachezaji linapoingia Le Mans. Kijana Destin amefunika uso kwa bandeji, na ndege aliowapiga risasi wananing'inia mwilini mwake. Mzee La Rancune amebeba zeze kubwa mgongoni, afanana na kobe. Hawana hata mavazi ya kuchezea; waazima nguo za vijana waliokuwa wakicheza mpira, na wenye nguo wanapotokea ugomvi wazuka.

Twacheka, lakini angalia jambo lililotendeka. Siku hizo Kanisa la Ufaransa liliwahesabu wachezaji kuwa wakosefu wa wazi, na mara nyingi liliwanyima maziko ya heshima. Huyu kanoni amewachukua hao waliodharauliwa, akawaonyesha pamoja na njaa yao na matambara yao, na katikati yao akawaweka Destin na L'Étoile, wapendanao kwa uaminifu na adabu kuliko mabwana wengi wa mji. Hapa kicheko hakimshushi mtu, chamkaribisha. Ndiyo sababu Théophile Gautier, karne mbili baadaye, alikichota kisima hiki kwa ajili ya *Le Capitaine Fracasse* (1863).

Hata hivyo haki yataka tutaje doa. Katika kitabu hicho yumo Ragotin, mwanasheria mwenye mwili mdogo sana. Kofia yashindiliwa usoni hata ikatwe kwa mkasi, farasi amtesa, mguu wake wanasa katika chombo cha chumbani. Ragotin ni mwenye majivuno, naye astahili kuchekwa kwa majivuno yake. Lakini mara nyingi achekwa kwa kimo chake. Waswahili husema, *hujafa hujaumbika*. Hakuna aliyelijua neno hilo kwa mwili wake kuliko Scarron, aliyecheza ngoma jana na kubebwa kitini leo. Kumwona akimcheka mtu kwa umbo lake kwahuzunisha kuliko kama angekuwa mzima. Mateso humfundisha mtu huruma asipoyakimbia. Wakati mwingine Scarron aliyakimbia.

Mwaka 1652 alimwoa Françoise d'Aubigné, yatima maskini wa miaka 16, baada ya kumpa hiari: ama amlipie mahari ya kuingia utawani, ama amwoe. Nyumba yao ikawa baraza la watu wenye akili. Alipofariki Oktoba 1660 alimwachia madeni. Mjane huyo ndiye aliyekuwa baadaye Madame de Maintenon, mke wa siri wa Mfalme Louis XIV, na mwanzilishi wa shule ya wasichana ya Saint-Cyr mwaka 1686.

Scarron alijitungia maneno ya kaburini. Ndani yake awaomba wapitao wapite kimya, kwa kuwa huo ni usiku wake wa kwanza wa kulala. Hapo hashushwi Virgil wala Ragotin. Mgonjwa ajicheka mwenyewe, na msomaji aona haya kwa kuwa hakumhurumia mapema. Atakaye kumjua Scarron aanze hapo, kisha asome *Le Roman comique*. Yaliyobaki aweza kuyaacha bila hasara kubwa.