Kuliko Nani?

Jumamosi moja jioni jirani yangu hapa Donholm alipiga hodi akiwa na kadi ya mwaliko mkononi. Bintiye alikuwa anaolewa, na kadi ilikuwa Kiingereza kitupu. "Mwalimu, nisaidie," akasema. "Nyanya yake kule Wundanyi ataisomaje? Niandikie ya Kiswahili." Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Niliimaliza usiku wa manane, na kilichonikalisha ni neno moja katika mstari wa mwisho: "the more the merrier".

Msemo huo ni mkongwe. John Heywood aliuingiza katika mkusanyo wake wa methali uliotoka mwaka 1546. Ukilitia neno "merry" mkia mfupi linakuwa "merrier", na ulinganisho umekwisha. Furaha imezidi. Imezidi ya nani, mkia hausemi.

Kiswahili hakikupi njia hiyo ya mkato. Vivumishi vyetu havina umbo la kulinganisha, kwa hiyo ukisema mtu amezidi kwa uchangamfu, msikilizaji ana haki ya kukuuliza: kuliko nani? Na hilo neno "kuliko" lipasue ulione ndani: ku ya mahali, li ya kuwa, ko ya kurejelea. Ni kule aliko mtu. Nikisema Asha ni mchangamfu kuliko Rehema, ni kama nimekupeleka kwanza aliko Rehema, nikakusimamisha hapo, ndipo ukamtazame Asha. Tusipotumia mahali tunatumia mwendo: Asha amempita Rehema, amemshinda, amemzidi, kama matatu zinavyopitana Jogoo Road asubuhi.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa mfasiri. Watu hudhani kazi yake ni kujua maneno. Maneno yamo kamusini: A. C. Madan aliyapanga katika kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na kamusi za Frederick Johnson zikafuata mwaka 1939. Kamusi humwagia mfasiri maneno mezani kama mchele kwenye ungo. Kupepeta ni juu yake.

Nami usiku ule nilipepeta. Furaha hukaa moyoni, mtu anaweza kuwa nayo asionekane. Bashasha iko usoni. Nderemo husikika hadi ploti ya tatu. Uchangamfu una mwendo ndani yake: soko huchangamka, mgonjwa aliyepata nafuu huchangamka, na aliyekwisha kunywa kidogo watu humsitiri kwa kusema amechangamka. Waingereza nao humsitiri kwa "merry" hiyohiyo, jambo lililonifurahisha sana. Lakini neno nililokaa nalo muda mrefu zaidi ni ukunjufu. Aliyenuna amekunja uso. Aliyefurahi ameukunjua, kama mkeka unaokunjuliwa mgeni anapoingia. Ndiyo maana tunakaribishana kwa moyo mkunjufu. Katika neno hilo furaha ni nafasi ya mtu mwingine kukaa, na sijaona neno la Kiingereza linalofanya kazi hiyo.

Nilimkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na nchi ya kuongoza na bado akaketi kumfasiri Shakespeare. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo Shylock analeta mkataba wa ratili ya nyama ya mtu kana kwamba ni mzaha tu, na neno analoufunikia ni "merry" lilelile la kadi ya harusi. Mfasiri akilipokea kwa tabasamu bila kuuliza nani anacheka na nani atakatwa, amempoteza msomaji. Kwa Shylock ni mtego, kwa bibi harusi ni mkeka.

Karibu saa sita nikaandika: "Njooni nyote kwa moyo mkunjufu. Furaha ya wachache haiifikii furaha ya wengi." Hakuna mkia wa "merrier" hapo. Kuna kundi la wachache, kuna kundi la wengi, na kuna kitenzi kinachotembea kati yao kikashindwa kufika. Jirani alipoisoma kwa sauti, pale mlangoni, hakuniuliza hata neno moja limetoka wapi. Kwangu hiyo ni kazi iliyokamilika: mkeka umetandikwa, alama ya mkunjo haionekani.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kitabu kilichofasiriwa kikifika mkononi mwako, kabla ya kufungua sura ya kwanza, litafute jina la mfasiri ulisome.