Mtoto Miongoni mwa Wazee katika Kisiwa chenye Hazina

Katika hadithi nyingi za safari na hatari, mtoto hutiwa kati ya wazee ili apate kuokolewa tu. R. L. Stevenson, katika kitabu chake cha mwaka 1883, hakumfanyia hivyo Jim Hawkins. Jim ni mtumishi chomboni. Na kwa kuwa hana cheo, hapana amwangaliaye. Ndiyo maana, akiwa ndani ya pipa la matofaa, aliyasikia mashauri ya maasi ya Silver. Lakini jicho la mtoto lina mpaka: alipowatoroka wakubwa wake pwani, ilibidi Daktari Livesey asimulie sura ya 16 hadi ya 18. Mwishowe kila mmoja apata fungu lake la dhahabu. Jim aongezewa ndoto za kutisha. Ushujaa usiomgharimu mtoto kitu ni pambo tu.