Sengenya Ndani ya Sampuli

Sengenya ni ngoma ya Wadigo na Waduruma wa Kwale, Pwani ya Kenya. Hupigwa kwa kundi: ngoma za chapuo, vumi na msondo, upatu wa chuma, na zumari juu yake. Mtayarishaji anayetaka kuifanya sampuli, yaani kukata kipande cha rekodi na kukijengea wimbo mpya, hukumbana na ugumu mmoja tangu mwanzo: ngoma hizi hutegemeana. Mdundo unaomwinua mchezaji kitini hauko mkononi mwa mpigaji yeyote peke yake.

Makosa mengi huanzia kwenye kukata. Pigo la msondo huanza kwa kishindo kisha likaacha mkia mrefu wa sauti, na ndani ya mkia huo tayari mmeingia chapuo na mlio wa upatu. Anayetafuta pigo safi huukata mkia, na kinachobaki husikika kama debe tupu. Afadhali kukata mzunguko mzima. Hapo zumari nayo huleta kazi yake, kwa kuwa mpuliza hujaza upepo mashavuni huku akivuta pumzi puani, sauti isikatike. Lupu, yaani kipande kinachojirudia, inaporudi mwanzo, zumari huruka na sikio hugutuka. Dawa ni kufifisha mwisho wa kipande wakati mwanzo wake unapanda, na kuuweka muungano huo chini ya pigo zito la msondo.

Kisha huja suala la gridi, yaani vigawanyo vya muda ambavyo programu hupangia mapigo. Programu nyingi za kompyuta hugawa kila pigo sehemu nne, ilhali ngoma nyingi za Pwani, chakacha ikiwemo, hugawa pigo sehemu tatu. Pigo la nusu sekunde likigawanywa mara tatu, kila sehemu ni kama milisekunde 167. Mara nne, ni 125. Programu ikiachiwa inyooshe mapigo yenyewe, huyasogeza milisekunde 42 hivi, na hiyo yatosha kuigeuza ngoma ya Kwale kuwa biti ya popote. Hata umbali una maana. Sauti ya mpigaji aliye mita 3.4 nyuma ya mwenzake hufika kwenye maikrofoni milisekunde 10 baadaye. Kuwapanga wote mstari mmoja ni kuufuta uwanja waliochezea.

Kwa Afrika Mashariki, mfano mzuri wa kazi hii ya kukata rekodi ni wa KMRU, mwanamuziki Mkenya. Katika albamu yake Temporary Stored ya mwaka 2022 alichukua rekodi kutoka hifadhi ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazichanganya na sauti za elektroniki, swali la nani anazimiliki likibaki wazi ndani ya muziki wenyewe. Kwa nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, alishika njia nyingine. Mkusanyiko wa Heavy Combination 1966–2007 unamrudisha mzee mwenyewe, nyimbo zikiwa nzima. Uamuzi huo ni sahihi: kazi ya maisha ya mtu husikilizwa kwanza kama alivyoiacha, ndipo wengine waikate.

Sengenya haina mwandishi mmoja wa kukusanyiwa hivyo. Hata hivyo ina wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni huitambua jamii kuwa mwenye haki, hutaka ridhaa itolewe kabla ya matumizi, na huzipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Kwa hiyo anayerekodi uani Msambweni, maikrofoni ikiwa imevishwa manyoya kuzuia upepo wa kusi, ana kazi ya kuandika pia: kundi, kijiji, tarehe, nani alishika msondo na nani zumari. Maandishi hayo yakae ndani ya faili lenyewe, maana karatasi hupotea na vipande husambaa bila kasha lake.