Nyekundu kwa wino mweusi

Mchoro wa kalamu na wino uliotundikwa katika sebule moja ya Ibanda, Bukavu, unamwonyesha Gustav Adolf von Götzen, ofisa wa Ulani wa Pili wa Walinzi, kikosi cha Prussia cha wapanda farasi wenye mikuki. Ndiye aliyeondoka Pangani mwaka 1893 na msafara wa wapagazi, akafika Ziwa Kivu mwaka 1894. Wageni husifu jinsi sura ilivyofanana na picha zake. Kazi kubwa zaidi imefanyika kwenye koti.

Vazi la gwaride la kikosi hicho lilikuwa koti la buluu iliyokoza, lenye kitambaa chekundu kifuani. Rangi hizo mbili zikigeuzwa weusi na weupe hukaribiana, na kifua humezwa na koti. Mchoraji ana wino mmoja, tena amechagua mistari mitupu bila kuuzimua kwa maji. Njia yake ni mwelekeo wa mstari. Kifuani amepiga mistari ya wima, myembamba, iliyoachana. Mikononi amepiga ya kulala, akaikata kwa ya mshazari mpaka weupe wa karatasi ukabaki vitone tu. Tangu karne ya 17 wachongaji wa nembo Ulaya walionyesha nyekundu kwa mistari ya wima na buluu kwa ya kulala. Hata asiyeijua kanuni hiyo anaona vitambaa viwili.

Sogea uangalie vifungo. Kila kimoja ni duara la karatasi tupu lenye tao fupi la wino upande wa chini, na mistari ya koti inakoma kabla ya kukigusa. Hakuna rangi nyeupe iliyoongezwa. Maana yake sehemu za mwanga zilipangwa kwa penseli kwanza, kwani wino ukishashika haufutiki. Usoni amebadilisha mbinu: nukta mashavuni, mstari mmoja puani. Angeukatia mistari kama koti, ngozi ingekuwa kitambaa.

Upanga ndio umemshinda. Mistari yake ina unene mmoja kutoka mpini hadi ncha, kwa hiyo chuma kinaonekana kama mbao. Chuma kinachong'aa hudai weusi mzito ubavuni mwa weupe mtupu, bila kijivu katikati.

Fremu imetengenezwa kwa akili. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ni za miezi mingi. Kadibodi yenye dirisha inatenga kioo na karatasi, ili unyevu usizigandishe pamoja. Ila ukuta uliochaguliwa unapigwa na jua la dirishani. Wino wa kaboni hautapauka, lakini karatasi itageuka manjano, na mwanga wote wa mchoro huu, vifungo na mashavu, ni karatasi hiyo. Uhamishiwe ukuta wa kivuli, na kadibodi iwe isiyo na asidi.