Sheria za Amri bila wimbo ni hesabu tupu

JUMA lililopita nilikuwa Msambweni, Kaunti ya Kwale, kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja niliketi nyuma ya darasa la Kidato cha Pili. Mada ilikuwa arudhi za ushairi. Mwalimu wetu, kijana mwenye bidii, aliandika ubaoni vina, mizani, mishororo, ukwapi na utao. Kisha akaanza kuzisoma tungo za wanafunzi huku akihesabu silabi kwa vidole.

Msichana mmoja alikuwa ametunga shairi kuhusu mafuriko. Kipande chake cha kwanza kilisema: “Mto uko mlangoni.” Mwalimu akahesabu sita. “Umepungukiwa na mizani mbili,” akamwambia, na kalamu nyekundu ikafanya kazi yake.

“Hapana, Mwalimu, ni nane,” msichana akajibu. “Si niimbe tu uone?”

Akaimba, na wenzake wakamfuata kwa makofi: m-to-u-ko-m-la-ngo-ni. Makofi manane, halikukosekana hata moja. Ile sauti ya ‘m’ ambayo kidole kiliiruka mara mbili, koo la mwimbaji liliipa nafasi yake kamili, maana katika Kiswahili ‘m’ ya ‘mto’ ni silabi inayojitegemea.

Kipindi kilipokwisha kijana alinijia, uso umemshuka. “Lakini Profesa, mimi nimefuata sheria za Amri.”

Nilimwambia hakuzifuata. Alikuwa amefuata nusu yake tu, na hilo ndilo kosa letu sote tunaofundisha fasihi.

Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka wa 1924. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka wa 1954. Baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Alifariki mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Mtu aliyewapa washairi sheria ndiye aliyekuja kukabidhiwa sheria za nchi. Pengine ndiyo maana tunamsoma kama karani wa mahakama: kifungu hiki kimevunjwa, toa alama mbili.

Amri hakuwa wa kwanza duniani kuunganisha kazi hizo mbili. Ufaransa ya karne ya 14 ilikuwa na Eustache Deschamps, mzaliwa wa Vertus, jimbo la Champagne. Aliwatumikia wafalme Charles wa Tano na Charles wa Sita, na akawa mwakilishi wa mfalme huko Senlis, akisimamia mashauri na haki. Katikati ya kazi hizo alitunga balada zaidi ya 1,000, na mwaka wa 1392 akaandika kitabu kidogo cha kanuni za kutunga mashairi kwa Kifaransa.

Mtu angetarajia watumishi hao wawili wa dola wakubaliane, lakini katika jambo la msingi wanapingana. Guillaume de Machaut, gwiji aliyemtangulia Deschamps, alikuwa mshairi na pia mtunzi wa muziki. Deschamps alizitenga fani hizo. Kwake, maneno yaliyopangwa kwa vipimo yana muziki wake wa asili, hata yakitamkwa bila kuimbwa. Akaongeza kuwa muziki huo haufundishiki kwa mtu ambaye moyo wake hauelekei huko. Amri naye alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana.

Hapo ndipo ninapomtetea Amri dhidi ya wafuasi wake. Mizani kwake ilikuwa kipimo cha sauti. Vina vilikuwa vituo ambapo mwimbaji hupumua na msikilizaji hungoja. Ukiondoa wimbo, mizani inabaki kuwa hesabu ya darasa la tatu. Tena tunasahau kwamba nusu ya pili ya kitabu ni diwani. Aliyeweka sheria alijiweka mwenyewe kizimbani kwa kutuonyesha mashairi yake. Ni wangapi kati yetu tunaosahihisha tungo za watoto ambao tumewahi kuwaonyesha ya kwetu?

Hata hivyo, siwezi kumfuata Amri hadi mwisho. Kauli yake ikichukuliwa kama ilivyo, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka wa 1974, kingetupwa nje ya ushairi. Mimi nilikuwa miongoni mwa vijana waliokisoma kitabu hicho kwa hamu, na sioni aibu kusema kilinifungua masikio. Hapo Deschamps ana la kutufunza: yapo maneno yanayobeba muziki wake bila ngoma wala kibwagizo. Mgogoro wetu mrefu wa wanajadi na wanausasa ungepungua makali iwapo pande zote mbili zingekubali kwamba sikio ndilo mwamuzi, na kuhesabu ni kazi ya kulisaidia.

Jambo hili si dogo kwa Kwale. Hawa ni watoto waliokulia kwenye kayamba na sengenya za Wadigo. Wanaingia darasani wakiwa na mapigo tayari mwilini. Sisi tunawapokea kwa orodha ya istilahi, tunawauliza wataje, waeleze, waainishe, kisha tunalalamika kuwa vijana wanachukia ushairi. Msichana yule alijua mizani kuliko mwalimu wake, na bado angekwenda nyumbani na alama za chini kama asingethubutu kusimama. Wangapi hawathubutu?

Katika ripoti yangu nilimpa kijana alama nzuri kwa maandalizi. Chini yake niliandika agizo moja: kabla ya kuhesabu, waimbe. Alama za msichana alizirudisha yeye mwenyewe, mbele ya darasa zima. Kwa hilo nilimwongezea moja.